Kabla Hamjaendelea Kusambaza Ile Sauti

Kwanza, sikuzimia.

Huyo anayewatumia ile sauti aliyorekodi kwenye magrupu, shoga yangu ambaye simtaji lakini anajijua, tena mama yake ananisoma humu, anadai nilidondoka puu, nikazimia, nikazinduliwa kwa maji. Nilikaa chini kwa hiari yangu. Macho niliyafumba kwa hiari yangu. Maji nilimwagiwa, hilo sibishi, ila yalikuwa ya kazi nyingine na tutayafikia.

Pili, yule mzee wa wakwe aliyetuletea posa hakukimbizwa hospitali. Alikwenda msikitini, kwa miguu yake, na bakora yake mkononi.

Naandika leo leo, glita, vile vipunje vya mapambo vinavyometameta, ikiwa bado imo masikioni, kwa sababu nimeona habari ilivyotoka hapa Bombo asubuhi na ilivyofika Kawempe, Kampala, jioni. Ilitoka nimemmwagia mgeni mapambo, ikafika nimemmwagia tindikali. Ikigonga Arua, mbali kule kaskazini, itakuwa nimeua.

Habari ya mdogo wangu na yule kijana wa Arua mnaijua, siirudii. Mnajua wazee wake walikuwa wanaleta posa. Na waliowahi kuingia kwetu wanaijua sebule: ule ukuta unaotazamana na mlango, wa kijani, uliopakwa enzi za marehemu babu, ambao umebanduka kidogo kidogo mpaka sehemu moja imetoka ramani ya Ziwa Kyoga. Haboba, yaani bibi yetu, aliufunika kwa tabaga zake, zile nyungo za mapambo alizosuka mwenyewe, lakini tabaga ziliisha na ukuta haukuisha.

Amri ya Haboba ilikuwa fupi: upakwe nyeupe. Fundi akaitwa, akapiga msasa, akapaka mkono wa kwanza siku ya Ijumaa. Kazi ingeishia hapo, na leo mngekuwa mnasoma humu habari za mpira.

Tatizo ni simu yangu. Katikati ya wiki nilikuwa nimemwona mwanamke mmoja wa Uingereza akipaka ukuta mmoja wa chumba chake rangi yenye glita. Ukuta mmoja tu, mingine kaiacha. Taa ikiwashwa ukuta unameremeta wote, paka wake anapita mbele yake kwa maringo. Nikajiona mimi. Nikaona shangazi za Arua wamekaa kwenye makochi, wananong'onezana: hawa watu si wa kawaida.

Alhamisi nikapanda taksi mpaka Kampala, nikazama Kikuubo, kwenye ule uchochoro wa maduka ya jumla. Mnaijua Kikuubo, ukisimama kutafakari unasukumwa na mtu mwenye boksi la sabuni kichwani. Nikaomba glita ya dhahabu, nusu kilo. Muuzaji akaingiza mkono nyuma, akatoa mfuko umefungwa ndani ya kaveera, ule mfuko wa plastiki, jeusi, akasema, "Dhahabu safi, nnyabo." Nikamwamini kwa sababu alikuwa na haraka, na mtu mwenye haraka nilidhani hana muda wa kudanganya. Nilipofungua nyumbani ilikuwa ya waridi. Waridi kali.

Na nusu kilo ya glita, jamani, msiipime kwa nusu kilo ya sukari. Hii ni plastiki nyembamba iliyopakwa aluminiamu, ikakatwa vipunje vya pembe sita ambavyo kimoja ukikitafuta hukioni. Nusu kilo inatosha kumpaka kila mtu wa mtaa wetu, na sasa nina ushahidi.

Fundi nilimwonyesha. Akaishika ile mfuko, akaitikisa, akanitazama kwa huruma. "Dada, hii usitie kwenye rangi nyeupe. Rangi itaifunika, hutaiona tena. Acha ukuta ukauke, nunua vanishi ya maji, ile isiyo na rangi, uchanganye humo, upake juu. Na uwe unakoroga kila saa, maana inazama. Na usithubutu kutumia vitu vya tina, ile ya kuyeyushia rangi, hii glita ya bei rahisi itachuja rangi yake yote." Akaongeza bei yake ya kufanya kazi hiyo, pamoja na vanishi.

Nikasema sawa fundi. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Nikarudi nikamimina viganja kadhaa vya glita kwenye ndoo ya rangi nyeupe iliyobaki.

Ilizama. Nilikoroga na mwiko wa kusongea posho mpaka bega likauma, nyeupe ikabaki nyeupe. Nikajaribu nyuma ya mlango, pale pasipoonekana. Rangi ilipoanza kukauka ukuta ukatoka upele. Hakuna kinachong'aa, ni vichunusi tu, ukipitisha mkono unahisi umemsalimia mgonjwa wa tetekuwanga. Shoga yangu, ambaye hakuwa ameitwa, akasema, "Lakini kwenye ile video nyingine wanaipuliza." Naomba mlishike hilo neno. Wazo la kupuliza halikuwa langu. Kwenye sauti yake hakulitaja hata kidogo.

Kupuliza ni hivi: unapaka rangi, ikiwa bado mbichi unaipulizia glita kavu, inanata juu badala ya kuzama ndani. Wenyewe wana kifaa chake. Sisi tulikuwa na viganja na pumzi. Tukapanga tupake mkono wa pili asubuhi na mapema Jumamosi, tupulizie, wageni waje baada ya adhuhuri wakute ukuta umekauka.

Sasa feni. Usiku wa Ijumaa, ili ule mkono wa kwanza ukauke haraka, niliiweka feni ya kusimama karibu na ukuta. Nikaiwasha namba tatu, nikaiachia shingo izunguke. Usiku stima ikakatika. Feni ikasimama, sisi tukalala. Asubuhi stima bado. Hakuna aliyeizima feni kwa sababu machoni petu ilikuwa imezimika.

Mnaonifuata kwa muda mrefu mmeshaanza kucheka. Subirini.

Na wageni. Kuna mabasi ya Arua yanayosafiri usiku, yanavuka daraja la Karuma, yanashuka na barabara ya Gulu, na Bombo wanaipita kabla ya kuiona Kampala. Mpango wao ulikuwa washukie hapa alfajiri, wapumzike kwa jamaa yao, waoge, wavae, ndipo waje kwetu rasmi. Wakashuka. Wakafika kwa jamaa yao. Jamaa yao alikuwa ameondoka na ufunguo. Wakaoga kwa jirani, wakavaa, wakakaa barazani mpaka wakachoka kukaa barazani, mzee wao akasema twendeni tu, watu wa posa hawarudishwi mlangoni.

Hakuna aliyetupigia. Simu zetu zote za nyumbani zilikuwa hazina chaji. Stima, nimeshawaambia.

Kwa hiyo hali ya sebule ilikuwa hivi. Ukuta umepakwa mkono wa pili, mbichi. Makochi yamesogezwa, zulia limekunjwa nusu kwa uvivu. Feni iko kwenye kona, uso wake ukutani. Mimi nimevaa dera la kazi, kanga kichwani, nimeshika beseni la plastiki, na ndani ya beseni imo glita yote iliyobaki, maana nilitaka niwe nachota kwa uhuru. Shoga yangu kasimama karibu na dirisha na simu yake, ndiyo pekee iliyokuwa na chaji, eti ananimulikia.

Mlango ukagongwa. "Hodi."

Nikajua ni kijana wa maji na madumu yake. Nikapaza sauti, "Ingia tu, ila ukigusa ukuta nakukata mkono!"

Akaingia mzee.

Nimeishi na sura ya yule mzee tangu asubuhi na nitaishi nayo. Kanzu nyeupe, ya pasi, sijui alipiga wapi pasi bila stima. Koti la kijivu. Kofia. Ndevu nyeupe zimechanwa moja moja, zimeshuka mpaka kifuani kwa heshima. Nyuma yake wazee wengine, na shangazi wawili wamefunga gurbaba, nguo za kujifunga za Kinubi, mpya kabisa, zile za kuvaliwa mara moja kwa mwaka. Mzee akaangalia nani wa kukatwa mkono. Akatuona sisi wawili.

Mtu mwenye akili angeweka beseni chini. Hebu niwaambie kilichopita kichwani mwangu: adabu. Hawa ni wakwe. Mkubwa kaingia, mtoto wa kike umesimama wima, utasemwa hadi Koboko, mbele ya Arua. Sisi ni Wanubi lakini tumekulia Buganda, ambako mwanamke husalimia kwa magoti, basi magoti yanajipiga yenyewe. Nikapiga magoti, na beseni mkononi, nimelinyanyua kidogo mbele yangu utadhani nawapelekea zawadi.

Nikiwa nimesimama, beseni lilikuwa juu kuliko feni. Nilipopiga magoti likashuka likalingana nayo, sawasawa, kama mtu aliyepima.

Mzee akainua mkono wa kulia. Akafungua kinywa. "Assalaam..."

Nje watoto wa mtaa mzima wakapiga kelele, "Stiimaaa!"

Nilifurahi. Nataka mjue hilo, kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Moyoni nilisema alhamdulillahi, sasa nitapiga pasi.

Feni yetu ni mzee mwenzake. Haiwaki kwa ghafla. Ilikohoa. Ikatulia. Ikasema ghrrr, mabawa yakaanza, polepole, ukayahesabu, halafu hukuweza kuyahesabu. Ilianza kupuliza ukuta, kazi tuliyoipa jana yake, na kama ingebaki pale ningekuwa mke wa mtu leo, namaanisha mdogo wangu. Lakini shingo niliiachia. Ikatikisika, tk, ikaanza kugeuka. Niliiona kwa pembe ya jicho. Ilikuwa inatoka ukutani inakuja mlangoni, na kati ya ukuta na mlango nilikuwa mimi. Nilikuwa na muda. Narudia, nilikuwa na muda wa kutosha wa kulifunika beseni kwa dera, kugeuka, kulipiga teke, kuolewa na kuzaa. Nilitabasamu. Mkwe anakusalimia, utamgeuzia mgongo?

Upepo ukafika mkononi kwanza, wa baridi, mzuri. Ukaingia kwenye beseni kutoka pembeni. Glita haikumwagika. Ilisimama. Ilinyanyuka yote kwa pamoja, ikawa kitu kirefu kuliko mimi, ikakaa hewani kidogo katikati ya mwanga wa mlango, nzuri ajabu, na shoga yangu nikamsikia akisema, "Haa." Halafu ikamwendea mzee.

"...laikum," akamalizia mzee.

Alimaliza salamu. Wanaosema alikatizwa ni waongo, mzee yule ana malezi. Aliimaliza ndani ya lile wingu, akiivuta, na kwa kuwa kuitikia ni wajibu nami nikaitikia yote, waalaikum salaam warahmatullahi wabarakatuh, na meno yangu yakiwa yanasaga plastiki.

Kimya. Feni ikageuka ikarudi ukutani. Tuliokuwa chumbani tukaonana. Ndevu za mzee zilikuwa za waridi. Si kwamba zilikuwa na waridi hapa na pale. Zilikuwa za waridi, na alipogeuza kichwa kumtazama shangazi ziliwaka. Kope zake ziliwaka. Kofia, mabega ya koti, ile kanzu ya pasi. Shangazi wa mbele gurbaba yake ilipata upande mmoja tu, ikapendeza, na nadhani hilo ndilo lililomkasirisha.

Tk.

Ilikuwa inarudi. Ile iliyotua kwenye zulia ikanyanyuka tena. Nikamnong'oneza shoga yangu bila kufungua mdomo, "Zima feni." Akajibu, na jibu lake limo ndani ya video yake mwenyewe, mtalisikia: "Ngoja kidogo."

Ngoja kidogo! Banange!

Mawimbi mengine yakapita. Mzee hakukanyaga mbele wala nyuma. Mkono wake ulikuwa bado juu. Ndipo akapiga chafya, moja, ya mtu mwenye kifua kikubwa, na kila kilichokuwa ndevuni kikatuhamia.

Hapo ndipo nilipokaa chini, nikafumba macho. Kwa hiari.

Haboba akatokea jikoni na jagi la maji. Alinimwagia usoni wote, bila kuniuliza, kwa sababu nilikuwa nimeinua mkono nijisugue, na ile kitu ina pembe, ukisugua jicho unalikwaruza. Yeye hajasoma popote, alijua tu. Akajaza tena akampelekea mzee, huyo alimwagia kwa adabu, kiganjani. Akaizima feni kwa kuchomoa waya. Akautazama ukuta.

Ukuta ulikuwa mweupe. Rangi ilishaanza kushika wakati sisi tunapanga nani apulize. Haukuwa na glita hata punje.

"Basi umetoka vizuri," akasema Haboba. "Mweupe, nilivyosema."

Yaliyofuata nayapitisha haraka kwa sababu nimechoka na kwa sababu kuna watu wa ukweni wameanza kunifuata humu. Chai ilinywewa. Gurusa, aina yetu ya chapati, ililiwa, iking'aa. Mafuta ya nazi yanatoa glita kwenye ngozi, selotepu inatoa kwenye koti, na kwenye makochi unatumia donge la unga wa chapati, unaligandamiza na kulivuta, ila lifiche ukimaliza maana kaka yangu alikuwa ameshalisukuma na kikaango kiko motoni. Kwenye ndevu hakuna dawa. Inashika kwa umeme wa msuguano, ukichana ndiyo unaiongezea nguvu. Adhuhuri ilipoingia ukazuka mjadala wa udhu, kwamba maji hayapiti kwenye plastiki, na mzee ni mtu wa msimamo, akajisugua mpaka akawa mwekundu chini ya waridi. Imamu akasema jitahidini kuiondoa, itakayobaki baada ya kujitahidi Mola anaijua. Wakaswali. Mzee alikuwa safu ya mbele. Nasikia pale aliposujudu zulia linaonekana kutoka mlangoni, na watoto wa madrasa wameshaanza kugombea kuswalia hapo.

Mpwa wangu anayesoma Makerere naye kanipigia, si kwa pole, bali kunieleza kwamba Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza glita ya plastiki ya kumwaga tangu Oktoba 2023, kwa sababu haiozi na inaishia majini. Nimemshukuru. Nimemuuliza alikuwa wapi Alhamisi.

Posa imepokelewa. Naam, someni tena. Wazee walikaa, wakaongea, shangazi wa gurbaba akasema nyumba yenye vituko si mbaya kuliko nyumba yenye kiburi, na mzee akacheka, akacheka mpaka akapiga chafya nyingine. Kisha wakatoa karatasi yao ya makubaliano, mzee akaomba kalamu, akaongeza mstari mmoja chini, upande wetu, kwa mwandiko mzuri: kanzu nyeupe moja, saizi 58, kabla ya siku ya nikahi.

Baba amesema analipa mwenye beseni. Kwa hiyo anayejua duka la kanzu Kampala lenye bei ya kibinadamu aniandikie. Na wewe shoga, video uifute, au uikate pale kwenye "ngoja kidogo", maana Haboba ameomba kuiona na nimemwahidi kesho.